MacBook Air ya M4: ununue sasa au usubiri toleo jipya?

Habari za leo, ndugu. Umeuliza kama ununue MacBook Air, ile laptopu nyepesi ya Apple, yenye chipu ya M4 sasa hivi au uvumilie, kwa kuwa unahofia kulipa leo halafu toleo jipya litangazwe mwezi ujao.

Kabla ya kusikiliza uvumi, angalia kwanza umri wa toleo lenyewe. Air ya M1 ilitoka Novemba 2020, ya M2 Julai 2022, ya M3 Machi 2024 na ya M4 Machi 2025, yaani pengo limekuwa miezi 20, kisha 20 tena, kisha 12. Kwa hiyo toleo likishavuka mwaka mmoja mimi hulihesabu kuwa linaelekea ukingoni, ingawa tarehe kamili siwezi kukuahidi.

Tena usitazame chipu peke yake. Oktoba 2024, Apple waliongeza RAM (kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi) ya kuanzia ya Air za M2 na M3 kutoka GB 8 hadi GB 16 bila kupandisha bei, hivyo mashine mbili zenye chipu ileile zinaweza kutofautiana sana. Soma lebo ya boksi kabla hujatoa pesa.

Mimi niliisubiri M3 tangu Oktoba 2023, huku laptopu yangu ya zamani ikizimika kila nilipochomoa chaja, na kazi mbili za wateja zikachelewa. Kama yako bado inamudu kazi zako, subiri. Kama imeanza kukukwamisha, nunua.