Upole kwenye kampuni ya matangazo: usibadilike, ila ujue pa kuuweka

Mdogo wangu uliyeuliza kama uanze kuwa mkali kama wenzako, kwa kuwa bosi amekwambia upole utakukwamisha kwenye matangazo: nakujibu kama mtu aliyeanza kwa kuandika matangazo ya redio hapa Dar na leo anasimamia timu ya ubunifu. Usibadilike. Lakini wengi wetu tunauweka wema mahali pasipo na faida kwa mtu yeyote.

Kumkubalia kila mtu si wema. Mtu wa akaunti, yule anayeshughulika na mteja, anakuja Ijumaa jioni na brifu, yaani maelezo ya kazi, ya mistari miwili, mteja anataka bango, tangazo la redio na posti za mitandaoni Jumatatu asubuhi. Ukiitikia kwa sababu ya kuona haya, mchora grafiki atakesha wikendi nzima, kazi itatoka dhaifu, na mteja ataikataa. Muulize taratibu: tunazungumza na nani, tunataka afanye nini, bajeti ikoje, nani anaidhinisha? Akikosa majibu, mwende wote wawili mkampigie mteja simu. Hapo umemwokoa yeye pia.

Halafu kuna suala la sifa, ambalo ndilo linalovunja urafiki mwingi kwenye kazi hii. Bill Bernbach na wenzake walipoanzisha kampuni ya matangazo ya DDB kule New York mwaka 1949, walimkalisha mwandishi na msanii wa picha pamoja, wazo lizaliwe kati yao. Kampuni nyingi duniani zikafuata mtindo huo. Ni mtindo mzuri, ila wazo likizaliwa kati ya watu wawili, kila mmoja anaweza kulidai. Julian Koenig, aliyeandika tangazo maarufu la Volkswagen la mwaka 1959, hata uzeeni alikuwa bado analalamika hadharani kwamba George Lois, mshirika wake wa zamani, alijitwalia sifa za kazi zake. Miaka yote hiyo, na kidonda hakijapona!

Kwa hiyo mbele ya mteja mimi humtaja mwenye wazo kwa jina, hata akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini. Tukipeleka kazi kwenye tuzo za matangazo kama Loeries ya Afrika Kusini au Cannes Lions ya Ufaransa, nakaa na anayejaza fomu mpaka orodha ya majina ikamilike, maana fomu hujazwa usiku wa mwisho na majina ya wadogo ndiyo huwa ya kwanza kusahaulika. Na wewe lako usiliache. Tuma wazo kwa barua pepe kabla ya kikao, lenye jina lako na tarehe. Kujilinda hakukuondolei wema.

Ila ukitaka kumjua mtu mwema kwenye kampuni ya matangazo, mwangalie anavyowatendea watu wa nje: msoma sauti, mhariri wa video, fundi wa kuchapa mabango. Mteja anaweza kuilipa kampuni baada ya siku 60 au 90, na kampuni inamsubirisha aliyeshafanya kazi. Msoma sauti amerekodi tangazo la Ramadhani, Idi imepita, na anaogopa kudai asije akanyimwa kazi nyingine. Jambo hili linaniuma sana. Siku hizi hatuingii studio kabla LPO, hati rasmi ya kuagiza kazi, haijatoka. Namwambia mapema lini atalipwa, kwamba kodi ya zuio itakatwa, na kwamba bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, watu wa fedha wanaweza kumrudishia ankara. Mwenye gharama za kuanzia nampigania apate malipo ya awali. Tarehe ikipita, naenda mwenyewe kwa mhasibu, sisubiri anipigie. Hakuna kanuni ya ofisi inayonilazimisha. Yule mtu ana kodi ya nyumba na ada za watoto, na sauti yake ndiyo imetuuzia bidhaa.

Kwenye pichi, yaani kampuni zinaposhindania kazi ya mteja, pigana kwa nguvu zako zote. Ushindani wa kazi nzuri hauna ubaya, ubaya ni kwenda kwa mteja kuwasema vibaya wenzako wa kampuni nyingine. Mji wetu huu ni mdogo kwa biashara hii, na watu wanahama ofisi kila mwaka.

Kuhusu bosi wako, mwombe faragha akutajie kazi ipi hasa iliharibika kwa sababu ya upole wako. Akikutajia, pengine ulinyamaza mahali palipohitaji neno, basi parekebishe. Akikosa mfano, au ikawa anachotaka ni uwafokee wadogo zako kama anavyofoka yeye, anza kukusanya kazi zako bora uzipeleke kwingine. Ukishazikusanya nitumie, nitazipitia moja moja na kukwambia zipi zitangulie.