Kabla Hujamwita Mtoto Mzembe wa Kusoma

Kwa miaka mingi nimefundisha madarasa ya mwanzo wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, na watoto ninaowahofia zaidi ni wale wanaoelewa hadithi wakisimuliwa, wanaotumwa dukani wakarudi na chenji kamili, lakini wakifunguliwa kitabu wanakwama. Mtoto wa namna hii huitwa mzembe, na wengine hupelekwa kwa mganga, ilhali huenda ana ulemavu wa kujifunza, ambao chanzo chake si uvivu wala kurogwa, bali ni namna ubongo wake unavyoshughulikia herufi, sauti au namba.

Ni lazima kwanza kuondoa yale yanayofanana na tatizo hilo. Mtoto wa huku akiandika "lafiki" badala ya "rafiki", anaandika anavyosikia nyumbani, kwa kuwa Kimakonde, lugha ya wenyeji wa huku, hakina sauti ya r, na hilo hurekebishika kwa mazoezi. Mtoto aliyekosa vipindi msimu wa korosho naye atakuwa nyuma kwa sababu hakuwepo darasani. Macho na masikio yapimwe hospitalini mapema.

Baada ya hapo, tazama kwa makini anavyosoma. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto mwenye disileksia, yaani ulemavu wa kujifunza unaohusu kusoma, anaweza kusoma maneno bila kukosea, ila kwa kujikokota silabi baada ya silabi hata akiwa darasa la nne, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Silabi kama "nywa" na "ngwe" humsumbua sana. Wengine hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzao, kwa hiyo mimi hufunika picha na kumwonyesha neno moja la katikati. Humuuliza pia, bila kitabu, neno "korosho" likiondolewa "ko" linabaki nini. Mtoto anayeshindwa mara kwa mara maswali ya aina hiyo, wakati wenzake wanayaweza, anahitaji kufuatiliwa.

Upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili hutuambia nani hajui kusoma, lakini hautuambii kwa nini. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu waweke daftari la kila mtoto wa namna hii, waandike tarehe, alichosoma na alipokwama, kisha walipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Maelezo hayo yana uzito kuliko kusema tu kwamba mtoto ni mzito.

Darasani, aketi mbele, apewe maneno machache kwa muda mrefu zaidi, ajibu kwa mdomo pale inapowezekana, na asilazimishwe kamwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa. Fimbo haijamfundisha yeyote kati yao kusoma, imewafundisha utoro. Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma anaweza kumhesabisha kwa mbegu za korosho na kumsikiliza kila jioni kwa muda mfupi.

Wapo pia watu wazima waliokua na hali hii bila kutambuliwa, nao huificha kwa aibu. Anapofika mmoja wao kwenye chama cha msingi cha ushirika kuuza korosho, karani amsomee stakabadhi pembeni, jambo moja baada ya jingine, kisha amwache ayarudie mwenyewe kwa mdomo kabla ya kuweka saini.