Lori likishuka mlima Sekenke nishati inaenda wapi?

Dogo umeuliza lori likishuka mlima kwa spidi ileile, ile nishati ya kuwa juu inapotelea wapi, haipotei bana, inageuka joto kwenye breki. Piga hesabu, lori la tani 30 likishuka mita 100 tu pale Sekenke ni kilo 30,000 mara 10 (mvutano wa dunia kwa kila kilo) mara mita 100 yani jouli milioni 30, joto la kupasha kama lita 90 za maji toka nyuzi 20 mpaka zichemke!! Ndo maana pale chini unasikia harufu ya breki kuungua, na dereva mzoefu anashuka na gia ndogo ili injini nayo ibebe mzigo. Ukisugua viganja asubuhi ya baridi Dodoma mwezi wa saba ni mambo yaleyale, ila kidogo sana.