Fonti za vidoti: hesabu nukta kwanza ndo uprinti

Mimi nadizaini mabango na flaya, na fonti ninazozipenda kutoka moyoni ni hizi za vidoti, zile herufi kama za kwenye kioo cha Nokia 3310, kile cha nukta 84 kwa 48, au yale maandishi mekundu yanayotembea juu ya mlango wa duka. Weka neno moja tu kwa vidoti, mtu ashajua unaongelea enzi gani, huhitaji hata kuchora kaseti.

Sasa mwaka juzi nikapata mteja anauza redio na deki za zamani, ana banda kwenye maonyesho, nikamfanyia flaya ya A5 nikajaza vidoti kila mahali mpaka kwenye anwani: BANDA 8. Kwenye kompyuta ilikuwa safi maana nilikuwa nimeizumu sana. Siku ya kwanza watu wanazunguka na flaya mkononi wanaulizia Banda B. Iliniuma, maana yule kaka alishalipia kila kitu.

Nikakaa nikahesabu. Fonti ile kila herufi inakaa kwenye boksi la nukta 5 kwa 7, nukta 35 basi, na humo 8 na B zinatofautiana nukta tatu tu, zote upande wa kushoto: juu, katikati, chini. Wino ukitanuka kidogo kwenye karatasi zile nafasi zinajaa na 8 yako ishakuwa B.

Kwa hiyo namba ya simu, bei, tarehe na sehemu andika kwa fonti ya kawaida, vidoti viachie kichwa cha habari, maneno mawili matatu, makubwa. Na kwa Kiswahili tumia herufi kubwa, nasisitiza hapa, kwa sababu kwenye 5 kwa 7 hakuna nafasi chini ya mstari, mikia ya g, j na y inapandishwa juu inabanwa, na sisi lugha yetu imejaa hizo, andika "jioni njugu" uone. Ile alama ya ng' nayo inabaki vidoti vichache tu, mtu anadhani ni uchafu wa printa.

Kama unaanza jaribu Doto ya Óliver Lalan, iko bure Google Fonts (ndiyo, inaandikwa kama Doto pacha wa Kulwa), unaweza kuongeza unene na kuamua nukta ziwe za mraba au za duara. Za duara zinapendeza zaidi kwenye bango kubwa.

Ukimtumia mteja kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa na vidoti vinavurugika.

Siku hizi naprinti moja kwanza, kwa saizi yenyewe, nambandikia mdogo wangu ukutani asome akiwa mlangoni. Akisita hata kwenye herufi moja naibadilisha hapohapo.