Swali la Lugha: Kiyeyushi hakina uhai

Msomaji wa Moshi anayeandika tasnifu ya kemia anauliza kama ni sahihi kusema kwamba "seli hai za bakteria huzalisha upya visaidizi vya vimeng'enya katika viyeyushi hai", au aandike "huhuisha".

Aandike "huhuisha". Kisaidizi, yaani molekuli inayokisaidia kimeng'enya kufanya kazi, kama NADH, hakizaliwi mara ya pili: kikitoa haidrojeni hugeuka NAD+, kisha hurudishiwa haidrojeni kikaendelea na kazi ileile, kama leseni inayohuishwa ilhali duka ni lilelile.

Linalonikera ni hivyo "viyeyushi hai", tafsiri ya Kiingereza "organic solvents", yaani vimiminika vyenye kaboni vya kuyeyushia vitu. Hai ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake -enye uhai, na huisha limetoka katika mzizi huohuo. Tolueni, kimojawapo cha viyeyushi hivyo, ina uhai gani? Hutokana na mafuta ya petroli, na ikiingia katika utando wa seli huuvuruga hadi bakteria wakafa. Anayeiita hai amekipa kiuaji jina la kinachouawa. Najua kosa lilikoanzia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Meru husema "kilimo hai" kwa maana ya "organic farming", nami nimelikubali, kwa kuwa udongo wenye mboji umejaa viumbe, lakini watafsiri wamelibeba neno hilo wakalibandika kila palipo na kaboni. Wakemia wa zamani walidhani misombo ya kaboni ya namna hiyo hutoka kwa viumbe pekee, mpaka Friedrich Wöhler alipotengeneza urea maabara mwaka 1828. Kwa nini Kiswahili kirithi dhana ambayo wakemia wenyewe wameshaitupa?

Tazama mbege. Inachacha kwa sababu ndani yake mna hamira, viumbe wanaokula sukari ya ndizi na kuhuisha NAD+ yao kila wanapotengeneza pombe. Hamira ni hai. Pombe ni kiyeyushi cha kaboni, haili wala haizai, na ikizidi huwaua haohao walioitengeneza. Pipa ni moja, vitu ni viwili, na neno "hai" ndilo linalotuwezesha kuvitenganisha. Tukilitumia kwa vyote viwili, tumelipoteza.

Basi andika "viyeyushi vya kaboni". Hata katika "seli hai" lipime neno hilo, maana seli zilizokaushwa, zisizoweza tena kuzaliana, zikipewa isopropanoli, aina ya pombe inayotoa haidrojeni, huweza kuhuisha NADH maadamu vimeng'enya vyake vimebaki vizima. Hizo ziite "seli za bakteria" tu.