Trela ya kukunja, gari letu litaiweza?

SWALI: Kaka, mie na mume wangu twakaa Kisauni, tuna watoto wawili na gari ya injini ya cc 1500. Twataka trela nyepesi ya kukunja, ile ya kulala yenye vitanda na turubai, ya kwendea Diani na Voi. Tuangalie nini? – Mama Wawili

JIBU: Dada yangu, kabla ya rangi na vitanda, fungua kitabu cha gari usome uzito inaoruhusiwa kuvuta, na usipige hesabu ya trela tupu manake maji lita 40 peke yake ni kilo 40, bado gesi, magodoro, sufuria na nguo za watoto, ukifika mlima wa Mazeras ndo utajua. Vitu vizito viwe karibu na ekseli, ule mhimili wa magurudumu, mzigo ukizidi nyuma trela inayumba vibaya.

Trela iliyotengenezewa Marekani mlango wake huwa kulia, na huku twaendesha kushoto, so ukisimama kando ya barabara watoto wanashukia kwenye magari. Mie hapo siwezi kunyamaza.

Uzuri wa trela ya kukunja, ikikunjwa iko chini, upepo hauisumbui na nyuma unaona. Lakini turubai na unyevu wa huku pwani, jamani! Mkikunja ikiwa mbichi, mkifika nyumbani ifungueni ikauke kabisa hata kama mmechoka, la sivyo ukungu unaila. Mkitoka Diani osheni chasisi, yaani fremu ya chuma ya chini, na maji yasiyo ya chumvi, chumvi haina huruma.

Halafu kabla ya kulipa, ifungueni na kuikunja wenyewe, mara mbili.