Kubadili koili ya saketi ya kuchajia simu

Ndugu yangu wa Mikindani, nimekuelewa: koili (waya uliozungushiwa kiini) ya duara ya mikrohenri 47, yaani kipimo cha nguvu ya koili, kwenye saketi inayoshusha volti 12 za sola kuwa 5, imeungua, nawe unataka kuweka ile ndogo yenye umbo la rezista uliyoitoa kwenye redio, kwa kuwa thamani yake ni ileile. Usiifunge.

Niliwahi kufunga ya namna hiyo hapa Lindi. Bila mzigo ilitoa volti 5 sawasawa, lakini nilipochomeka simu, ganda la kijani la koili hiyo likageuka kahawia, kisha IC, yaani chipu inayoendesha saketi, nayo ikafa. Mkondo ukizidi uwezo wa kiini, kiini hushiba usumaku (hakiwezi kubeba zaidi), koili hubaki kama waya mtupu, na swichi ya saketi inayowasha na kuzima mkondo hubeba mzigo wote.

Kwa simu inayovuta ampea 2, tafuta koili ya ampea 3, yenye waya mnene. Mikrohenri 68 kwa kawaida itafaa. Ya mikrohenri 22 itaongeza mawimbi kwenye volti. Koili ya duara iliyotoka kwenye chujio la umeme wa nyumbani isikudanganye, kwani kiini chake cha feraiti hushiba upesi. Ya umbo la kigurudumu cha kuzungushia uzi yafaa, ila iwe mbali na redio, maana huvujisha usumaku.

Pima kwanza dayodi (kipitisha mkondo upande mmoja) ya saketi, kwa sababu koili haiungui hivihivi. Ukiitoa koili kwenye televisheni mbovu, kapasita kubwa (kihifadhi chaji) huweza kuwa na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujui kuitoa chaji, mpelekee fundi.